Saa iliyochelewa gatini: bafa za draiva na mipaka yake

Nahodha alinisubiri gatini Lamu, jua limeshainamia, samaki wameshateremshwa. Hata maamkizi yetu yalikuwa mafupi.

"Mwanangu, saa ya kasha lako yasema uwongo."

"Yachelewa, ami?"

"Yachelewa hapa. Baharini haina neno. Tukishafika, ukishaitia simu yako, ndipo irudipo nyuma."

Nikamwitikia kwa adabu, kisha nikaenda zangu bila kumsikiliza. Kwa wiki mbili nilikuwa nikimtuhumu kristali wa saa: jua kali, chumvi, mtikisiko wa mashua wakati wa kusi. Nilibadilisha kristali mara mbili. Ami yule hajui DMA ni nini, lakini alikuwa ameniambia kosa liko wapi kwa sentensi moja, na mimi nikapita nalo.

Chombo chenyewe ni kidogo. Kinakaa kwenye kifuniko cha kasha la barafu, kinapima joto, kinaandika rekodi kwenye kadi ya SD. Baharini kinaandika tu. Gatini, simu ikiunganishwa, kinasoma faili lote na kulipeleka kwenye simu. Kwa hiyo maneno ya nahodha, ukiyageuza yawe ya ufundi, ni haya: kuandika hakuharibu saa, kusoma kunaharibu. Nilipokaa nikapima, nikaona kusoma sekta 3,000 (sekta ni kipande cha baiti 512 kwenye kadi) kunairudisha saa nyuma sekunde 5 au 6. Kristali hana kosa la namna hiyo.

Chipu ni Cortex-M7, yenye kashe ya data, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi inayoshika nakala za kilichomo kwenye kumbukumbu kuu. Kadi inaposomwa, prosesa haishughulikii baiti moja moja. Kidhibiti cha kadi kinazimimina moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA, bila kupitia kashe. Ndiyo maana draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ikimaliza kusoma lazima iiambie kashe: ulichonacho kuhusu eneo hili ni cha zamani, kitupe. Hapo ndipo mipaka inapoingia, na hapo ndipo watu wengi, nami nikiwemo, tunapotereza.

Mwenyeji wa Lamu ataelewa upesi nikimwambia habari ya boriti. Boriti na fito za mikoko huuzwa kwa korja, yaani 20 kwa pamoja. Kashe nayo ina korja yake: kwenye Cortex-M7 ni baiti 32, na kila korja huanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 32 bila baki. Kashe haichukui baiti moja, wala haitupi baiti moja. Inachukua korja nzima, inarudisha korja nzima, inatupa korja nzima. Kama ndani ya korja moja fito 12 ni zako na 8 ni za jirani, ukiamuru itupwe, umemtupia jirani mali yake.

Bafa yangu, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea data, ilikuwa safu ya baiti 512 ndani ya muundo mmoja pamoja na mambo mengine. Anwani yake iliishia na 0x14, yaani ilianza baiti ya 20 ndani ya korja. Piga hesabu: baiti 12 za mwanzo ziko kwenye korja ya kwanza, korja 15 katikati ni zake zote, na baiti 20 za mwisho zimepanga kwenye korja ya mwisho pamoja na kitu kinachofuata. Kitu kilichofuata kilikuwa kihesabu cha milisekunde. Saa yenyewe.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Draiva inaomba sekta. Kadi inajivuta milisekunde moja au mbili kabla ya kujibu. Katika muda huo interapti ya saa, ishara inayoikatiza prosesa kazi yake, inapiga, prosesa inaongeza moja kwenye kihesabu, na ongezeko hilo linakaa kwenye kashe, halijafika kwenye kumbukumbu. Data inafika. Draiva inaamuru kashe itupe eneo la bafa. Korja ya mwisho inatupwa, na milisekunde zinatupwa nayo. Kila sekta inayosomwa inaiba kidogo. Baharini hakuna kusoma, kwa hiyo hakuna wizi.

Nilikuwa nimeweka `volatile` kwenye kihesabu, nikajiona nimekamilisha dini. `volatile` ni neno la kuiambia kompaila tu, kashe hailijui.

Kosa langu la pili ndilo linalonitia haya zaidi, na ndilo nililoliona pia kwenye misimbo ya watu wengine. Nilipogundua kwamba kutupa kunapoteza milisekunde, nikabadilisha amri: badala ya kutupa, safisha kwanza kisha tupa, yaani kilichobadilika kwenye kashe kiandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya kuondolewa. Saa ikapona siku hiyo hiyo. Nikala biriani ya pweza kwa furaha.

Baada ya siku chache nikaona joto la ajabu kwenye faili zilizofika kwenye simu. Rekodi zangu ni baiti 32 kila moja, 16 kwa sekta, na takribani kila rekodi ya 16 ilikuwa na tarehe sahihi lakini joto la sekta iliyotangulia. Sababu ni korja ile ile. Interapti ya saa ilipoigusa, kashe iliichukua yote pamoja na baiti 20 za bafa zikiwa bado za zamani. DMA ikaleta mpya kwenye kumbukumbu. Kisha mimi nikaamuru kusafisha, kashe ikaandika korja yake nzima juu, na zile 20 za zamani zikafunika mpya. Baiti 12 za mwanzo wa rekodi ziliokoka kwa kuwa zilikuwa kwenye korja iliyotangulia. Nilikuwa nimelihamisha kosa kutoka kwa jirani kulileta nyumbani kwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usitafute amri nyingine ya kashe. Hakuna amri itakayotenganisha watu wawili waliolala kitanda kimoja. Watenganishe. Bafa ya DMA ianze kwenye mpaka wa 32, na urefu wake nao ujazwe hadi mgawanyo wa 32. Wengi hukumbuka mwanzo wakasahau mwisho. Kwa sekta ya baiti 512 hutaona tofauti, maana 512 inagawanyika. Lakini draiva ya kadi ya SD husoma pia rejista ya SCR, inayoeleza uwezo wa kadi, ambayo ni baiti 8 tu, na kama umezipokea kwa DMA kwenye kibafa cha baiti 8, zile 24 zilizobaki za korja ni za nani? Kipe 32 kamili hata kama 24 zitakaa bure.

Mipaka yenyewe si mmoja, na kuichanganya kumenigharimu siku nyingine tatu. Kashe ilitaka 32. Kidhibiti cha kadi kilitaka 4: biti mbili za mwisho za anwani unayokipa hakizitazami kabisa, kinazihesabu sifuri. Kadi nayo inahesabu kwa sekta za 512. Sasa maktaba ya mafaili ninayoitumia, FatFs, ina tabia moja nzuri kwa kasi na mbaya kwa asiyejua. Ukiisomea faili kuanzia baiti ya 3, baiti 509 za kumalizia sekta hiyo inazinakili kutoka kwenye bafa yake yenyewe, kisha sekta nzima zinazofuata inaiambia draiva izimimine moja kwa moja kwenye bafa yako, kuanzia pale ilipofikia. Yaani bafa yako hata kama ilianza mpakani, draiva inapokea anwani iliyosogea kwa 509. Gawanya 509 kwa 4, inabaki 1. Kidhibiti kikapuuza hiyo 1, na data yote ikakaa baiti moja kabla ya mahali pake.

Hapo ndipo niliacha kuwaomba watumiaji wa draiva wawe waangalifu. Mtu anayeandika msimbo wa skrini hana habari na korja zako, wala hapaswi kuwa nazo. Draiva ndiyo bandari. Ukaguzi ufanyike pale. Kila ombi linapoingia, draiva inatazama anwani: ikikaa mpakani, DMA moja kwa moja, isipokaa, data inapitia bafa ya kati, inayomilikiwa na draiva, iliyopangwa vizuri, kisha inanakiliwa. Watu hulalamika kwamba kunakili ni hasara. Kunakili baiti 512 kwenye prosesa hii ni suala la mikrosekunde chache, na kadi inakusubirisha milisekunde. Mimi nitalipa.

Njia nyingine ni kutenga eneo la kumbukumbu lisilopitia kashe kwa kutumia MPU, kitengo cha prosesa kinachowekea kanuni maeneo ya kumbukumbu, na bafa zote za DMA zikae humo. Kwa kazi ndogo ni njia halali, naitumia. Ila haikuponyi na ule mpaka wa 4.

Kuhusu `malloc`, amri ya lugha ya C ya kuomba kumbukumbu, usiitegemee kwa hili. Hata glibc, maktaba ya C ya Linux, kwenye mashine za biti 64 inakuhakikishia mpaka wa 16 tu. Ukilazimika, omba baiti 31 za ziada, upandishe anwani kwa `(p + 31) & ~31`, na uihifadhi ile anwani ya asili, maana `free`, amri ya kuirudisha kumbukumbu, inaitaka hiyo, haitaki uliyoisogeza.

Kwenye Linux mambo ni mepesi kidogo. Ukifungua faili kwa `O_DIRECT`, yaani bila kupitia kashe ya mfumo, anwani ya bafa, urefu na mahali ndani ya faili vyote hutakiwa kukaa mpakani, mara nyingi 512, kwenye diski nyingine 4,096. Ukikosea, kwa kawaida unarudishiwa `EINVAL`, kosa la "thamani batili", papo hapo. Hiyo ni rehema, nilikuwa natamani kidhibiti changu kinitukane hivyo. Tumia `posix_memalign`, inayokupa kumbukumbu iliyoanza mpakani, na kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 6.1 unaweza kuuliza mpaka unaotakiwa kupitia `statx`. Ndani ya kerneli, bafa ya DMA ichukuliwe kwa `kmalloc`, isiwe kigeugeu (variable) kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya kila funksheni.

Jaribio ninaloliendesha sasa kila nibadilishapo draiva ni la kipumbavu na halijaniangusha. Nasoma sekta ile ile mara 32, kila mara bafa ikisogezwa baiti moja, kuanzia 0 hadi 31. Kabla na baada ya bafa nimejaza 0xA5, thamani ya kunionyesha kilichoguswa. Na wakati wa kusoma, interapti inaendelea kubadilisha zile za pembeni makusudi, maana bila mtu wa kuigusa korja kosa hili halionekani. Usijaribu kulikamata kwa kuongeza `printf`, amri ya kuchapisha ujumbe. Kila kigeugeu unachoongeza kinasogeza anwani, na kosa linahama mtaa.

Draiva pia inahesabu ni mara ngapi imetumia bafa ya kati, na namba hiyo inaandikwa kwenye rekodi ya kila siku. Kwa miezi ilikuwa haizidi 3 au 4. Asubuhi moja ikasoma 2,950. Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa ameongeza baiti moja ya toleo la faili mwanzoni kabisa, kwa hiyo kila kusoma kukaanza baiti ya 1. Data ilikuwa salama, saa ilikuwa salama, ila simu ilikuwa ikichukua muda mrefu kidogo kumaliza. Nahodha alikuwa ameshaniuliza kwa nini.