Uchungu ukirefuka, bado naweza kujifungua kwa njia ya kawaida?

SWALI: Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nimeambiwa uchungu ukipita saa 12 ni lazima nipasuliwe. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada, ingawa hizo saa 12 zina asili yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahesabu uchungu kamili kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5. Kutoka hapo hadi ufunguke wote, kwa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12. Kwa aliyekwisha kuzaa, saa 10. Kabla ya sentimita 5 unaweza kuwa na maumivu ya kuja na kupotea hata siku nzima, na muda huo peke yake si sababu ya kupasuliwa. Hata ile kanuni ya sentimita 1 kila saa, ambayo baadhi yetu tunaozalisha tunaing'ang'ania bado, mwongozo huohuo umekataa itumike peke yake kuamua.

Muda huwa na uzito zaidi wakati wa kusukuma. Hapo mimba ya kwanza huchukua hadi saa 3, zinazofuata saa 2. Kadiri muda unavyosogea, wanaojifungua bila vakumu (kifaa cha kumvuta mtoto kwa kichwa) wala upasuaji hupungua, na hatari ya maambukizi na ya kutokwa damu nyingi huongezeka. Lakini angalia ni nani wamebaki: wale ambao mtoto alikaa vizuri wengi wameshazaa. Waliobaki, mara nyingi mtoto ametazama juu, au kichwa hakilingani na nyonga, au uchungu ni hafifu. Basi urefu mara nyingi ni dalili ya tatizo, siyo tatizo lenyewe.

Ndiyo maana mimi huuliza kwanza kichwa kinashuka au hakishuki. Kikishuka, hata polepole, mapigo ya moyo wa mtoto yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika na mama ana nguvu, nasubiri. Kikikwama ilhali uchungu ni mkali, sisubiri saa zitimie. Huo ni uzazi pingamizi. Kuuchelewesha kunaweza kupasua kizazi au kuleta fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni.

Kwa upande wako, kuwa na mtu wa kukaa nawe mwanzo hadi mwisho. Hilo huongeza nafasi ya kuzaa kwa kawaida. Tembea, badili mikao, kunywa maji. Ukichomwa ganzi ya mgongoni, tarajia kusukuma kuchukue muda mrefu zaidi. Na maji ya uzazi yakitoka ya kijani, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama uchungu ndio kwanza umeanza.