Muulize Ami: Ukumbi wa miwani utanilipa?

Assalaam aleikum Ami. Mkataba wangu wa bandarini umekwisha, na mimi na ndugu zangu wawili tumekusanya laki tatu na themanini. Tunataka kukodi duka Nyali tuweke miwani nne za uhalisia pepe, zile za kufunika macho ukajiona uko dunia nyingine, watu wacheze kwa kulipa. Mke wangu hataki kusikia. Amesoma kwamba Marekani kulikuwa na kampuni kubwa ya kumbi kama hizo, wakicheza Star Wars, na imekufa. Mimi namwambia iliuliwa na korona, na korona imepita. Nani mkweli? – M., Majengo

Waaleikum salaam, mwanangu. Mkeo. Korona ilipiga kweli, lakini ilimkuta mgonjwa kitandani.

Kampuni anayoisema ni The Void, ya Utah. Ukumbi uliowapa sifa ulifunguliwa New York mwaka 2016, ndani ya jumba la sanamu za nta la Madame Tussauds, kwa mchezo wa filamu ya Ghostbusters. Mwisho wa 2017 wakaingia Disney Springs kule Florida na hiyo Star Wars. Na hawakuwa matapeli, usinifahamu vibaya. Unavishwa kofia yenye miwani, unavaa kizibao kinachotikisika ukipigwa risasi, na mgongoni unabeba kompyuta kama mtoto na mkoba wa madrasa. Chumba chenyewe ni kuta tupu. Lakini ndani ya miwani ukiona ukuta, nyosha mkono, ukuta upo. Ukifika penye moto unapulizwa joto la kweli usoni. Hata harufu walitia.

Sasa chukua kalamu. Wanaingia watu wanne kwa mpigo. Kuvishwa, kuelezwa, kucheza na kuvuliwa ni kama nusu saa, kwa tiketi ya kama dola 30. Sinema inakalisha watu mia mbili na mkata tiketi mmoja. Hapa kila wanne wanataka mtu wa kuwafunga mikanda. Pango ni la maduka ya matajiri. Jina la filamu lina mwenyewe naye anataka chake. Na mchezo ukishauona umeuona, kwa hivyo ukitaka mteja arudi lazima utengeneze mwingine, jambo ambalo si la pesa za chai. Mwaka 2019 bado walikuwa wakitangaza kumbi nyingine zaidi ya 25, Marekani na Ulaya. Machi 2020 milango ikafungwa, na zile za kwa Disney hazikufunguliwa tena.

Mwaka huohuo wa 2019, mwezi wa Mei, Facebook walitoa miwani ya Quest kwa dola 399, bila waya na bila kompyuta. Familia ya watu wanne ikienda ukumbini mara tatu na ushee, imeshalipia miwani yake ya nyumbani.

Ukisema hiyo ni moja tu, watazame IMAX, wale wa sinema za skrini kubwa. Walifungua ukumbi wa kwanza wa miwani Los Angeles Januari 2017, wakafika saba, mpaka Shanghai, Bangkok na Manchester. Mwanzoni mwa 2019 wote walikuwa wamefunga. Korona hiyo ilikuwa haijajulikana hata jina.

Na kabla yao hao kuna Jonathan Waldern wa Leicester, Uingereza. Tangu 1991 aliziuzia kumbi za michezo mashine ambayo unasimama ndani ya pete, kofia nzito kichwani, na joka lenye mbawa linashuka kukunyakua. Kufika 1997 kampuni ilikuwa imefilisika. Mimi miaka ile nilikuwa na mashine tatu za sarafu Kibokoni. Picha ya ile ya Waldern niliikata gazetini nikaibandika juu ya meza ya kutolea chenji, nikijiambia iko siku.

Siku yenyewe ilikuja Idd ya Juni 2018. Mpwa wangu alirudi likizo kutoka Dubai na miwani mbili, zile za kutia simu mbele. Tukapiga hema uwanjani Makadara, kati ya pembea na mama mmoja muuza mabuyu. Shilingi mia, dakika tano na papa wa baharini. Siku ya kwanza tulihesabu watoto 112. Foleni ilizunguka hema mara mbili, na mimi nikawa nishanunua duka la pili kichwani.

Yale ambayo gazeti halikuniambia niliyaona mchana. Mtoto wa Idd amepakwa mafuta ya nazi mpaka kisogoni. Kufika wa kumi, sponji ya miwani ilikuwa imelowa jasho na mafuta, na kioo kimeingia ukungu, mtoto analia haoni papa aliyelipia. Nikapeleka salamu nyumbani. Mke wangu akachana leso kuukuu mbili, akashona vitambaa vya kuvaa usoni chini ya miwani, kila mtoto na chake. Maneno ya leso yalikuwa yamekatika katikati, kwa hivyo kila aliyeketi alikuwa na nusu ya mafumbo ya mke wangu kwenye paji la uso. Kisha simu nazo. Kwa joto la ndani ya hema zilijizima zenyewe, tukawa tunazilaza juu ya sanduku la barafu la muuza maji, moja inapoa nyingine inacheza. Kijana mmoja aliyekuwa akipigana na papa alirusha teke, karai la mabuyu likaruka. Nililipa shilingi mia nane na kuomba radhi mpaka magharibi.

Siku ya pili, 95. Siku ya tatu, 40. Na mimi, badala ya kusoma hizo namba, nikakodi chumba Bondeni, elfu kumi na tano kwa mwezi.

Wiki ya kwanza walikuja kiasi. Mwezi wa tatu tangu nikodi, kuna Jumamosi nilipata wawili, na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yangu. Ukuta wa pili jirani ana plestesheni nne za kizamani, mechi shilingi ishirini, na vijana wamejaa mpaka barazani. Nilikaa nikiwatazama, maana kazi nyingine sikuwa nayo. Wanne wanacheza, kumi na watano wamesimama nyuma wanakoroga. Anayefungwa anatukanwa kwa ufundi, anatoka, anakwenda kutafuta ishirini nyingine arudi kulipiza. Kwangu mtoto anavaa miwani anajitenga na dunia. Wenzake hawaoni anachokiona, wanamwona anapapasa hewa tu, na kicheko hicho ni cha siku moja. Akivua, papa ni yuleyule. Hana wa kumlipiza. Hapo ndipo ninapoamini hata wale wakubwa walikwama: pesa zote zilikwenda kwenye macho ya mmoja, na watu hawaendi matembezini kwa macho peke yake, hasa watu wa mji huu ambao hata kunyolewa hunyolewa mbele ya watazamaji sita.

Kwa hivyo duka la Nyali sahau. Amana na pango la miezi mitatu vitameza nusu ya laki zenu kabla hamjanunua hata waya. Nunueni miwani mbili za kisasa zilizotumika, si nne. Nunueni televisheni kubwa na muielekeze kwa foleni, picha ya ndani ya miwani ionekane nje, watu wacheke pamoja. Chagueni michezo ya kushindana alama, na ubao wa kuandika majina kwa chaki. Hema, jenereta dogo, na vitambaa vya uso vingi kuliko mnavyodhani. Kisha fuateni watu waliko: Makadara wakati wa Idd, maonyesho ya kilimo Mkomani, Mama Ngina Jumapili jioni, shule zikifunga. Sikukuu ikiisha, hema linakunjwa na hamdaiwi na mwenye nyumba.

Mawili ya karatasi. Leseni ya kaunti kateni mapema, msingoje kufukuzwa na askari mkiwa na watoto ndani. Na someni masharti ya kila mchezo, kwa sababu mingi inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani hairuhusu kutoza watu. Iko inayouzwa kwa ajili ya kumbi, na ni ghali zaidi. Itieni kwenye hesabu sasa.

Na mkeo mpe daftari la pesa. Mimi wangu nilimpa sindano tu, ndiyo maana Bondeni ilichukua miezi saba kufa.

*

Ami, shikamoo. Mwanangu wa miaka minane alivishwa miwani hizo kwenye sherehe huku Likoni, akapanda gari la kupinda milimani. Alipovua alitapika, na usiku mzima kichwa kinamzunguka. Bibi yake anasema ni jicho. – Mama wa mmoja, Likoni

Marahaba, binti yangu. Mwambie mama kwa heshima zote kwamba safari hii ni macho mawili, ya mtoto mwenyewe. Macho yalimwambia anakimbia mlimani, na masikio, ambayo ndiyo yenye mizani ya mwili, yakamwambia ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mwili ukipewa habari mbili zinazopingana huchafuka, kama anayesoma ndani ya matatu. Michezo ya kusimama pahali pamoja haisumbui sana. Hayo magari ya milimani ndiyo mabaya zaidi. Kama kichwa bado kinamzunguka ukisoma hapa, mpeleke akaonwe na daktari.

Lakini miaka minane bado. Wenyewe watengenezaji wa Quest walianza kwa kusema miaka 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10, tena kwa idhini ya mzazi. Aliyemvisha alipaswa kuuliza umri kwanza. Kama alikutoza, nenda kamdai pesa zako.