Nchi ina mafuta, foleni ya nini?

SWALI: Mhariri shkamoo. Mi ni bodaboda hapa Mwanga, Kigoma. Juzi nimebeba jamaa akaniambia eti Nigeria wanachimba mafuta kibao lakini nao wanapanga foleni sheli, nikamwambia we unanipiga kamba. Kweli hiyo?

JIBU: Marahaba. Hajakupiga kamba. We uko Kigoma, chikichi unazijua, sasa ukitupa mkungu mzima kwenye kikaango samaki ataiva? Si mpaka zichemshwe, zitwangwe, zikamuliwe ndo mawese yatoke, basi mafuta ghafi nayo ndo hivohivo, na Nigeria waliyapata tangu 1956 kule Oloibiri ila viwanda vya serikali vya kusafishia, Port Harcourt, Warri na Kaduna, vikalala miaka na miaka, kwa hiyo ghafi ikawa inatoka kwa meli na petroli inarudi kwa meli, tena kwa dola, ikipungua ndo foleni hizo. Serikali ikawa inafidia bei, mpaka Mei 2023 Rais Tinubu akaondoa ruzuku, lita ikaruka kutoka chini ya naira 200, hela ya kwao, hadi kama 500 hivi ndani ya siku chache tu. Wenzako wa okada, ndo bodaboda wa huko, walikoma.

2024 kiwanda cha kusafishia mafuta cha tajiri Dangote pale Lekki, Lagos, kikaanza kutoa petroli, uwezo wake mapipa 650,000 kwa siku, sio mchezo. Ila bei ya zamani ndo hivyo, sahau. Gesi nayo wanauza nje kutoka kisiwa cha Bonny tangu 1999 huku mitaani kwao jenereta zinaunguruma usiku kucha.

Huyo abiria nauli alilipa lakini?