Sumaku ya kava la simu na kadi zako

Ndugu, umeuliza kama kava la simu lenye sumaku litaharibu kadi ya benki na ile ya kufungulia mlango wa ofisi. Inategemea data imekaa wapi. Ukanda mweusi wa nyuma ya kadi ndio wa sumaku, na ndio unaoweza kufutika. Kadi za vyumba vya hoteli ndizo hufa upesi, maana ukanda wake ni dhaifu. Za benki huwa imara zaidi.

Chipu, kile kibati cha rangi ya dhahabu, sumaku ya kava haiisumbui. Tena ndiyo salama: hutengeneza msimbo mpya kila muamala, wakati ukanda hutoa namba zilezile kila ukiswaipu, na wezi wanazinakili hapo.

Kadi ya mlango, kama unaigusisha tu, nayo ina chipu na waya mwembamba uliozungushwa ndani ya plastiki. Umeme inaupata kwa mashine inayoisoma. Hiyo usiitoboe tundu la kamba. Ukikata waya, imekwisha.