Preference imefifia kwenye deki: toa CD kwanza, halafu nenda TV Type

Mkuu, umesema ukibonyeza Setup kwenye rimoti ya deki ya DVD ukurasa wa "Preference" unaonekana umefifia na haufunguki, na tangu mtoto achezee rimoti picha imekuwa nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu bila kutulia. Fundi naye ameshakwambia ununue lenzi. Usitoe hela bado. Lenzi ikichoka CD inakwama, inarukaruka, au deki inagoma kuisoma kabisa. Lenzi haiondoi rangi.

Haya yalinikuta nyumbani kwa mama, Tanga. Deki yake ni hizi za kawaida za waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, na kazi yake kubwa ni CD za taarab na mawaidha. Nilikaa mbele yake tangu magharibi hadi isha nabonyeza Setup huku CD inazunguka. Mshale ukifika kwenye Preference unaruka tu. Nikaamini menyu imekufa. Kumbe deki nyingi hufunga ukurasa huo CD ikiwa inacheza, maana lugha na kufuli ya watoto vinatakiwa vijulikane kabla CD haijaanza, si katikati. Na Stop ya mara moja haitoshi: deki inakumbuka ulipoishia ili uendelee, kwa hiyo bado inajihesabu iko kazini. Bonyeza Stop mara mbili. Mimi siku hizi natoa CD kabisa, nafunga trei, nangoja iandike "No Disc", ndipo nabonyeza Setup. Siku ile nilipofanya hivyo, maandishi ya Preference yakakoza na mshale ukaingia.

Ukiingia, tafuta "TV Type". Utakuta PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya kupeleka picha kwenye TV, na Auto, au Multi kwa deki nyingine, ambapo deki inafuata CD ilivyo. Huku kwetu tulirithi PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. NTSC ni ya Marekani na Japani: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Kila picha huchorwa kwa mapigo mawili, kwa hiyo TV ya chogo iliyotengenezwa kwa PAL peke yake inangoja mapigo 50 kwa sekunde. Ikiletewa 60 inashindwa kuishika picha, ndiyo maana inapanda. Rangi nazo PAL inazipitisha kwenye masafa ya 4.43 MHz, NTSC kwenye 3.58 MHz, kwa hiyo TV inazitafuta mahali zisipokuwepo na kukuachia nyeusi na nyeupe. Dalili zako zote mbili zinatoka hapo. Kama TV yako ni ya chogo, weka PAL uiache hapo hapo. Kama ni flati, weka Auto, kwa sababu flati nyingi zinapokea zote mbili, na CD ya NTSC ikilazimishwa kuwa PAL watu wakitembea wanaonekana wanashtukashtuka.

Shida ni kuchagua wakati picha haitulii. Angalia rimoti kama ina kitufe cha N/P: kila ukikibonyeza mfumo unabadilika, na huhitaji kusoma chochote. Kisipokuwepo, azima TV ya flati ya jirani kwa dakika tano, badilisha, kisha rudisha deki kwako. Na ikitokea siku picha imepotea kabisa huku sauti ipo, huenda mtu amewasha "Progressive" kule kwenye Video Setup. Hiyo ni ya waya za kijani, bluu na nyekundu. Deki nyingi zikiwekwa huko waya wa njano unabaki mtupu. Kitufe cha V-MODE, kama rimoti yako inacho, hukurudisha.

Kwa kuwa mtoto amepita kote, kagua na sauti. Kwa mama, picha ilipopona tukaweka filamu ya DVD. Muziki na mlio wa magari unasikika vizuri, lakini watu wanaongea kama wako nyumba ya pili. Mama akasema, "Mwanangu, hawa wananong'ona nini?" Deki ilikuwa imewekwa spika 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Kwenye mpangilio huo maneno ya waigizaji mengi hupita spika ya katikati, na sisi tuna waya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Tafuta "Downmix" uweke Stereo, maneno yatagawanywa kulia na kushoto. Nimeshaona watu wawili wananunua sabufa mpya kwa tatizo hili hili, na inaniuma kila nikikumbuka.

Lugha haina mengi. Ukichagua Kiingereza, CD isipokuwa nacho itacheza iliyonayo. Ila kuna deki zenye "Others" zinazoomba tarakimu nne, na Kiswahili kimo: 8387. Ni herufi SW, kila moja kwa namba yake ya kompyuta, S ni 83 na W ni 87. Mimi nimeiweka kwa mama, ingawa DVD zenye Kiswahili kilichoandikwa sawasawa ndani yake ni chache mno.

Usikimbilie "Default". Inarudisha karibu kila kitu kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na TV Type, na kama kiwanda kiliweka NTSC utarudi ulipoanzia. Kama ulishaibonyeza, anza upya kwenye TV Type.

Jaribu leo ukiwa umetoa CD, kisha niandikie hapa mambo mawili: TV yako ni ya chogo au flati, na TV Type umeikuta imeandikwa nini.