Kumfundisha Mtoto Jimbo Lake Kuanzia Majini

Hapa Minnesota, sheria inamtaka mzazi anayesomesha watoto nyumbani afundishe, pamoja na kusoma na hesabu, historia, jiografia, uchumi, serikali na uraia. Tukifika kwenye somo la jimbo, wengi wetu huanza na orodha: mji mkuu ni Saint Paul, ua la jimbo ni hili, ndege ni yule, na mwaka ni 1858, Minnesota ilipokuwa jimbo la 32 la Marekani. Mtoto wa miaka sita au saba huikariri orodha hiyo upesi na kuisahau upesi vilevile, kwa kuwa haigusi chochote anachokijua. Ushauri wangu, baada ya kuwasomesha wanangu hapa Duluth, mji wa bandari kando ya Ziwa Superior, ni kuanza na maji na kuyafuata yanakokwenda.

Maji ya jimbo hili huenda pande tatu: ya Ziwa Superior hutiririka mashariki hadi Atlantiki, ya Mississippi huenda kusini hadi Ghuba ya Meksiko, na ya Mto Red huelekea kaskazini hadi Ghuba ya Hudson. Mpe mtoto ramani kubwa na penseli ya buluu, aipitishe juu ya mito hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hujamwambia neno lolote kuhusu mipaka atakuwa ameshaliona umbo la jimbo.

Sisi tulianza na ziwa kwa sababu ndilo lililo karibu. Meli inapokaribia mfereji wa Duluth, barabara ya darajani huinuliwa yote juu, meli hupiga honi, na daraja nalo huijibu kwa honi yake. Hapo usiharakishe kueleza. Acha watoto waulize meli imebeba nini, imetoka wapi na inakwenda wapi. Mara nyingi jibu ni madini ya chuma kutoka safu ya vilima vya Mesabi, yaliyoletwa bandarini kwa treni yakiwa yamefinyangwa vidonge vya mviringo kama gololi, na yanayosafirishwa kupitia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hadi kwenye viwanda vya chuma na feleji. Swali moja la mtoto linakuwa limebeba uchumi na jiografia kwa pamoja, na atalikumbuka kwa sababu ameliuliza yeye.

Safari ya Ziwa Itasca, chanzo cha Mississippi, nayo ni ya lazima kwa familia inayoweza kuimudu. Huko mtoto huvuka Mississippi kwa kukanyaga mawe, pale mto unapotoka ziwani kuanza mwendo wa takriban kilomita 3,700. Akishaloa miguu hapo, utamweleza kwa urahisi namna mto huohuo, ukifika kwenye maporomoko ya Saint Anthony, ulivyoendesha vinu vya unga wa ngano vilivyoikuza Minneapolis.

Usiwafundishe watoto kwamba historia ilianza 1858. Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa ardhi hii, walikuwapo kabla ya jimbo na wapo hadi leo. Mwishoni mwa kiangazi Waojibwe bado huingia ziwani kwa mitumbwi na kuvuna manoomin, nafaka ya majini, kwa kuipiga taratibu kwa vijiti ili punje zidondokee mtumbwini. Vita vya 1862 kati ya Wadakota na Marekani na kunyongwa kwa Wadakota 38 huko Mankato ninaviacha hadi watoto wakue kidogo, lakini kwamba ardhi hii ilichukuliwa kutoka kwa wenyewe ninawaambia tangu sasa, kwa maneno machache na ya kweli.

Bendera mpya iliyoanza kutumika Mei 2024 tuliifikia baadaye, na samawati yake inayowakilisha maji haikuhitaji maelezo marefu.

Mtihani wetu ni simu kwa bibi yao aliyeko Mwanza. Anaishi kando ya Ziwa Victoria, la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na wajukuu wake wanaishi kando ya Superior, ambalo ni la kwanza. Kwa hiyo maswali yake ni ya mtu anayelijua ziwa. Aliwauliza watu huvuaje samaki maziwa madogo ya huko yakishaganda, nao hawakujua. Swali ambalo watoto wameshindwa kumjibu bibi ndilo ninalolifanya somo la wiki inayofuata.