Fundi kasema themostati haina kazi Dar kwa sababu ya joto. Ni kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 23, nimenunua Toyota IST ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, mkononi kwa mtu. Nina laki nane ya kuichezea. Nataka kuishusha kwa kukata springi na kufunga rimu za inchi 17. Gari haina tatizo kubwa, ila nikitoka alfajiri kwenda Morogoro ile taa ya bluu kwenye dashibodi (ya kuonyesha injini bado ni baridi) inachelewa mno kuzimika, na siku moja ya mvua iliwaka tena nikiwa njiani. Mafuta nayo inakula kuliko ya rafiki yangu mwenye gari kama hii. Fundi wangu amefungua akakuta themostati ilishatolewa, akasema ni vizuri maana hapa kwetu ni joto, na feni imeungwa izunguke muda wote. Nianze na springi au rimu? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza springi na rimu, lakini ugonjwa wa gari lako umeupitisha katikati ya swali kama salamu. Hakuna wiki inayopita sijaletewa gari lililotolewa themostati, kile kidude kinachozuia au kuruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, na kila mwenye gari anakuja na sentensi ileile: "Fundi amesema Dar ni joto."

Dar ni joto kwako wewe. Nje ni nyuzi 30 na kitu, wakati maji ya injini yako yanatakiwa yawe nyuzi 80 na zaidi ndipo injini ifanye kazi ilivyokusudiwa. Kwa injini, Dar mchana wa Februari bado ni baridi. Tokyo yenyewe mwezi wa Agosti hufika nyuzi 35. Muscat na Dubai kiangazi hupita 45, na Toyota za huko zinatembea na themostati zake. Ingekuwa kile kidude ni cha nchi za barafu, Waarabu wangekuwa wa kwanza kukitupa.

Themostati ya 1NZ imegongwa namba 82. Inaanza kufunguka maji yakifika kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 inakuwa wazi kabisa. Kabla ya hapo inayazuia maji yasipite kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ikishafunguka inapunguza au kuongeza mlango kulingana na joto la maji. Ukiitoa, mlango uko wazi saa zote. Barabara ya Morogoro, upepo wa alfajiri, spidi 80, rejeta inapoza maji kuliko injini inavyoyapasha. Ndiyo taa yako ya bluu. Ile taa haijaharibika, inakwambia ukweli.

Sasa fuatilia mafuta yako yanakwenda wapi. Sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, na kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya unapowasha asubuhi. Inaendelea kuongeza hivyo mpaka Chalinze. Gia nayo, kwa kuwa ni otomatiki, inasubiri joto fulani kabla ya kukubali gia ya juu kabisa, kwa hiyo injini inalia zaidi kwenye spidi ileile. Halafu sehemu ya petroli ile isiyoungua inateremka kwenye oili, na mvuke wa maji ambao ungetolewa na joto unabaki humo humo. Fungua mfuniko wa kujazia oili uangalie upande wake wa ndani. Ukikuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa, usikubali fundi akimbilie kukwambia gasketi ya silinda hedi imekwenda na injini ifunguliwe. Chomoa kwanza kijiti cha oili. Kama oili ya chini ni safi na maji ya rejeta hayapungui, mara nyingi ni unyevu tu wa injini isiyopata moto. Nimeona watu wakifunguliwa hedi kwa ute ule.

Uongo huu una chanzo chake, na ndicho kinachoufanya usife. Themostati ikizeeka huweza kukwama ikiwa imefunga, na gari linachemsha. Fundi anaitoa, gari linapoa, anahitimisha kwamba kitu kile ni kibaya. Alichotakiwa kufanya ni kuweka nyingine. Au rejeta imeziba, au mfuniko wa rejeta umechoka na haushikilii presha (na bila presha maji yanachemka mapema, kwenye 100, badala ya 120 hivi), au feni ni mbovu. Kutoa themostati kunaificha hitilafu hiyo wiki kadhaa. Kisha siku moja uko kwenye foleni ya Ubungo, kiyoyozi kimewashwa, abiria wanne, gari linachemsha kuliko mwanzo. Tena kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huziba njia ya pembeni inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji haipozwi kabisa. Yaani safari ndefu gari linakuwa la baridi mno, na foleni linaweza kuchemsha zaidi. Huo ndio "uzuri" uliouziwa.

Feni ya kuungwa moja kwa moja ni pacha wa hilo. Kuna kitu kilikufa, ama rilei, ama sensa, ama waya, na badala ya kukitafuta mtu akavuta waya hadi kwenye umeme wa swichi. Angalia waya ule umepita wapi na kama una fyuzi. Kama hauna, ushughulikie leo, kabla ya kitu kingine chochote.

Na kwa kuwa themostati haipo, nina uhakika karibu wote kwamba ndani ya rejeta kuna maji matupu, pengine ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Injini yako ni ya aluminiamu. Chumvi inaila taratibu, na pampu ya maji inazunguka kwenye kutu. Gari likiwa limepoa kabisa fungua mfuniko, chovya kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya udongo, laki nane yako imeshapata kazi.

Kazi yenyewe iwe hivi: rejeta na injini vioshwe mpaka maji yatoke meupe, themostati mpya yenye namba 82 na mpira wake, mfuniko mpya wa rejeta, kulanti halisi (maji maalumu ya rejeta), na feni irudishwe kwenye mfumo wake. Kabla themostati haijafungwa, iningʼinize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni na kipimajoto pembeni, uione inafunguka kwa macho yako. Za bandia zimejaa madukani na boksi halisomi joto. Kale kavalvu kadogo kanakocheza kakae juu ili hewa itoke. Kulanti ijazwe polepole, injini ikiunguruma, hita ikiwa kwenye moto, mpaka feni iwake yenyewe na izime yenyewe. Fundi asiyekuwa na subira ya kungoja feni izime hajamaliza kazi.

Nawaambia vijana wote wenye magari ya umri huu, si wewe tu: ogopeni fundi ambaye dawa yake ya kila kitu ni kutoa. Taa ya ABS inawaka, anatoa balbu. Fyuzi inaungua, anaweka kipande cha waya. Rejeta inavuja, anamwagia bizari ya manjano, inaziba tundu na mishipa ya rejeta kwa pamoja. Gari zito, anakwambia masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) yameziba, tutoe, litakuwa jepesi. Ulishajiuliza masega yale yanakwenda wapi? Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanapita gereji hadi gereji. Umemlipa fundi akutolee kitu chenye thamani kuliko pesa uliyomlipa, na ukamshukuru. Kitu chochote kikitolewa kwenye gari lako, omba ukibebe nyumbani kwenye mfuko. Utashangaa ni vingapi ghafla vitakuwa havina haja ya kutolewa.

Springi: usikate. Ukikata, inakuwa ngumu zaidi huku shokapu ikibaki na nafasi ndogo ya kucheza, na gari likiruka tuta springi inaweza kuhama kwenye kikalio chake. Ikikatwa kwa moto wa gesi ndiyo imekufa kabisa, chuma kimepoteza ugumu wake. Kama lazima lishuke, subiri upate springi fupi zilizotengenezwa hivyo pamoja na shokapu zake, na kabla yake badilisha bushi na bolijointi zilizochoka. Rimu za 17 zina maana ya tairi kama 205/45, ambayo ubavu wake ni milimita 92 tu, wakati 185/65 ya inchi 15 ina 120. Kwa mashimo unayopita wewe kila siku, rimu ya kwanza itapinda kabla hujamaliza kuilipia. Baki na 15, nunua tairi nzuri.

Ukishafunga themostati, nenda tena Morogoro alfajiri, jaza tanki kabla na baada, uniandikie taa ya bluu imezimika wapi na umetumia lita ngapi.